Abiria wa Nuria

Kwenye benchi linalotazamana na foleni ya malori ya Zambia, pale Tunduma, Ketrina aliwamiminia wanaume kahawa huku jicho moja likiwa kwenye Noah nyeupe iliyoegeshwa kando ya mtaro. Jioni hiyo, kule Ibaba, wanamuaga mjukuu wake Atuganile anayeolewa, na kwao bibi asipomfunika binti khanga, hakuna sufuria inayofunuliwa. Magari ya Ibaba yalishaondoka alfajiri. Lililobaki ni hilo la Abdulswamad, Bosi Tela kwa jina la kijiweni. Binti yake Nuria, miaka kumi na tisa, leseni ya juzi, alitaka kwenda nalo kwenye sherehe hiyo hiyo. Baba mtu alikuwa ameukalia ufunguo.

— Aende, lakini asipakie mtu, alisema Bosi Tela. Leseni yenyewe bado ya moto.

— Hata mtu mzima mmoja, mwembamba hivi? aliuliza Ketrina, akimwongezea kahawa ambayo hakuiomba.

— Sumu ni hao wa rika lake, alidakia Yesaya, dereva mstaafu wanayemwita Lusaka. Wakijaa wasichana watano, kila mmoja na wimbo wake. Dereva anatazama redio, gari linatazama korongo.

— Basi apakie wavulana, alisema Osea.

— Ndiyo umemaliza kabisa! Huyo atatazama nyuma mpaka Ibaba.

Osea, ambaye jina lake la kijiweni ni Trafiki kwa sababu huongoza malori akiwa amekaa, alikohoa.

— Mimi ningempandisha darasa. Mwezi wa kwanza, gunia la mahindi. Mwezi wa pili, mbuzi.

— Mbuzi wa nini?

— Akitapika, ujue kona imekatwa vibaya. Mwezi wa tatu, mama mkwe.

— Mume hana, mama mkwe atamtoa wapi?

— Si aazime!

Benchi zima likacheka. Ketrina hakucheka, jua lilishavuka paa la duka la matairi.

— Mie nasema mchungaji akae mbele, shehe nyuma, alisema Lusaka. Gari likiyumba, pande zote mbili zimeshashikiliwa.

— Nyie wanaume, binti atazeeka mkigawana viti!

Bosi Tela akainua mkono.

— Nimeamua. Abiria mmoja tu. Mtu mzima, akae mbele, awe na leseni, amwelekeze mtoto.

Ketrina akajipima kwa masharti hayo. Utu uzima alikuwa nao wa kugawia jirani. Leseni, hata ya baiskeli, hakuwahi kuishika.

Nuria akatokea, kavaa ndala, viatu vya sherehe mkononi.

— Shikamooni.

— Marahaba, mama.

Baba akamsomea hukumu. Akaisikiliza yote, kichwa kainamisha, mtoto aliyelelewa vizuri.

— Sawa, baba. Sasa kati yenu, mwenye leseni ambayo haijaisha muda ni nani, tuondoke?

Lusaka akachungulia ndani ya kikombe chake kama aliyedondosha kitu. Trafiki akaona lori la kuongoza. Bosi Tela, mwenye malori manne na madereva wanne, maisha yake yote amekaa kiti cha pembeni.

Ketrina akapindua birika. Halikutoa hata tone. Akajitupia khanga begani, akanyoosha kiganja mbele ya Bosi Tela.

— Nyanyuka, baba, ufunguo umeuatamia wewe. Mwenye leseni hapa ni mmoja tu, na abiria wake ndiye mimi.