Mwewe wa Kreni na Neno Aliloondoka Nalo

Marehemu, ambaye kazini na mtaani alijulikana kwa jina la Mwewe, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1967 katika nyumba ya kupanga nyuma ya tanuri la matofali. Baba yake alikuwa mchoma matofali na mama yake alifua nguo za watu. Watoto wawili waliomtangulia hawakuishi. Aliyemfuata ni dada yake, ambaye yupo hapa leo. Baba yao alianguka kazini akiwa bado mtu wa nguvu zake, akafa siku hiyohiyo, watu wakasema amerogwa. Wakati ule hakuna aliyempima mchoma matofali presha.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1982. Tangu utotoni alipenda kukaa juu. Siku moja mwalimu alimkuta kwenye paa la darasa, akamuuliza, "Wewe, utashuka lini?" Akajibu, "Kengele ya chakula ikilia, mwalimu." Alichapwa, lakini hata mwalimu alicheka.

Alianza kazi ya ujenzi kwa kubeba zege. Mwaka 1994 fundi mmoja mzee alimfundisha kuendesha kreni ya mnara, na hapo ndipo alipopata jina la Mwewe. Alikuwa na mkono mwepesi. Aliweza kuteremsha tani ya nondo kama mtu anayelaza mtoto. Kule juu hakuna choo, na ngazi ya kushuka inamaliza pumzi. Madereva wa kreni wana fahari yao: ukipanda asubuhi, unashuka jioni. Anayeshuka katikati huitwa abiria. Kwa hiyo Mwewe alikunywa funda moja la chai alfajiri, na maji hakuyagusa mpaka jua lizame. Alifanya hivyo maisha yake yote ya kazi.

Tarehe 14 Septemba 1991 alifunga ndoa na muuza mboga, binti ambaye hakupelekwa shule. Walijaliwa watoto watatu. Mwaka mmoja saiti yake ilikuwa karibu na nyumbani, na kila adhuhuri aliuzungusha mkono wa kreni kuelekea uani kwake, akaushusha kidogo na kuupandisha. Majirani walimwambia mkewe, "Shoga, wenzio wanasalimiwa kwa simu, wewe unasalimiwa kwa chuma." Siku hizo zilikuwepo, na si haki kuzificha.

Mwaka 2010 alianza kutokwa damu puani na kuumwa kisogo. Kliniki wakamkuta na presha ya juu sana. Alipewa vidonge vya aina mbili, vya kumeza kila siku, na aina moja ilikuwa ya kumkojoza. Mwewe alivimeza Jumapili tu, na siku mbili kabla ya kupimwa. Mashine ikamsifu, na nesi naye akamsifu. Mkewe, aliyevijua vidonge kwa rangi, aliona pakiti haziishi.

"Baba watoto, mbona hivi vya njano havipungui?"

"Nikimeza vya njano nitashuka mara ngapi? Kreni ikisimama, saiti nzima inamtukana mama yangu."

"Mwambie daktari akubadilishie."

"Daktari atakuja kupanda yeye?"

Baadaye ilijulikana kwamba vidonge vya aina nyingine vilikuwepo. Alichotakiwa ni kuomba tu.

Mwaka 2019 miguu ilivimba, uso ukajaa, na chakula kikawa na ladha ya chuma. Daktari wa figo aliwaketisha mume na mke, akawaeleza bila haraka. Presha ikikaa juu miaka mingi, mishipa midogo inayolisha figo hukakamaa na kuwa myembamba. Damu ikifika kidogo, figo hudhani mwili mzima umepungukiwa, nayo huagiza presha ipande ili isukumiwe zaidi. Presha ikipanda, mishipa huzidi kuharibika. Mtu asiyekunywa maji kutwa nzima huipunguzia figo hata kile kidogo. "Na figo hailii," alisema daktari. "Ukiisikia inalia, ujue sehemu kubwa imeshakufa."

Kisha akauliza, "Vidonge ulikuwa unameza?"

"Kila siku," alijibu Mwewe.

"Hamezi, daktari," alisema mkewe.

Mwewe akacheka. "Msamehe. Huyu hajui kusoma. Atajuaje nimemeza nini?"

Daktari aliandika aliloambiwa na mgonjwa. Kutoka siku hiyo, habari iliyofika kwa ndugu ni kwamba Mwewe alimeza dawa kila siku, kwa uaminifu, na bado figo zikafa. Dada yake, mtu anayempenda kaka yake kwa dhati, akajiuliza swali ambalo mtu yeyote angejiuliza: kama dawa alimeza, basi anauawa na nini? Akalipata jibu jikoni.

Alimjia wifi yake mlangoni. "Unampikia nini kaka yangu?"

"Muulize mwenyewe kuhusu vidonge."

"Wewe uliyeishia kwenye geti la shule ndiye utufundishe figo?"

Mwewe alikuwa ameketi palepale, kwenye kiti cha plastiki. Aliangalia miguu yake iliyovimba. Wiki iliyofuata alihamia kwa dada yake, na chakula cha mkewe kikarudishwa na vyombo vyake, hakijaguswa.

Alisafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki. Mkewe alifika kila mara, akakaa kwenye benchi la nje, na akapewa dakika chache za kuingia. Hakuomba arudishiwe mume. Aliomba neno moja.

"Mwambie dadako hukumeza. Basi."

"Nitaonekana mjinga, mama watoto."

"Na mimi naonekana mchawi."

"Nikipata nafuu nitamwambia."

Nafuu haikuja. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Kwake yeye kilio kimemuumbua mtu mwingine.

Asubuhi ya tarehe 27 Juni 2023, akiwa kwenye mashine, aliomba maji. Alipimiwa kifuniko cha chupa, kwa sababu mwili wake haukuwa tena na pa kuyatolea. Alimwita dada yake karibu, na mkewe, aliyekuwa amesimama mlangoni, alidhani sasa atasema. Alimwambia dada yake amfunike miguu. Saa nne na robo moyo wake ulisimama.

Mwewe ameacha mjane. Watoto watatu, mmoja wao akiwa haongei na mama yake. Dada mmoja, ambaye ameomba mjane asitupe udongo kaburini. Na wajukuu wawili ambao bado hawajui kinachosemwa.

Alale pema. Neno ambalo lingeaminiwa na kuwapa amani waliobaki alikuwa nalo yeye peke yake, naye ndiye tunayemfukia.