Githeri Bila Magadi: Mzee Gitari Aaga Jiko la Karurune

Baada ya miaka ishirini na sita mbele ya sufuria zetu kubwa, Mzee Gitari Mbae, mpishi mkuu wa Shule ya Msingi ya Karurune, anastaafu leo, Ijumaa tarehe 2 Agosti 2019. Mwalimu Mukiri, mlezi wa jarida letu, aliniagiza niandike kwa utulivu. Ninajaribu, lakini kwa mambo yaliyotokea jikoni Jumanne, kutulia kumekuwa kazi.

Mzee Gitari alizaliwa Kiambere, kule chini kwenye joto na ndengu. Alianza upishi akiwa kijana, akiwapikia vibarua waliokuwa wakijenga bwawa. Hapo ndipo alipoacha kutia magadi kwenye maharagwe. Vibarua walikuwa wakilalamika kiungulia kila jioni, naye akajaribu kupika bila magadi, malalamiko yakapungua. Baadaye alipikia shule moja ya huko, na Mwalimu Thuranira, aliyekuwa mwalimu mkuu wetu wakati huo, akaonja ndengu zake siku ya michezo na kumwomba aje Karurune. Alikuja Julai 1993 na sanduku la bati, mwiko mrefu na debe la ndengu, akiwa amevaa shati la mikono mifupi. Wanaoijua baridi ya Julai huku kwetu mlimani watamhurumia.

Siku yake ya kwanza ilikuwa mbaya. Aliwasha moto saa ileile aliyozoea Kiambere, na kengele ya chakula ilipolia, mahindi yaliyochanganywa na maharagwe kwenye githeri yalikuwa bado magumu kama kokoto. Watoto waliyatia mifukoni wakaenda wakitafuna njiani. Kesho yake Bi. Cicily, ambaye leo ni mwenyekiti wa kamati ya wazazi, alifika jikoni akiwa amembeba mtoto mgongoni.

"Bwana mpishi," alisema, "binti yangu ameniletea mbegu. Sasa nizipande ama nizipike tena?"

Mzee alijitetea kwamba maji yalichemka vizuri, aliyaona kwa macho yake.

"Huku juu maji huchemka mapema, lakini hayana ukali kama ya kwenu. Wewe tia magadi kama sisi sote, watoto wapate kula."

"Magadi sitii, mama. Nionyeshe kitu kingine."

Bi. Cicily anasema alimwona kuwa mtu mwenye kiburi. Hata hivyo alienda shambani, akarudi na majani ya migomba, akamwonyesha jinsi ya kuifunika githeri kwa majani hayo, kisha kifuniko, kisha mawe juu yake ili mvuke usitoroke. Mzee naye alianza kuloweka mahindi na maharagwe tangu jana yake. Njia hizo mbili zilipokutana, githeri ya Karurune ikaiva kwa wakati na bila magadi, na imekuwa hivyo mpaka sasa.

Mwalimu wetu wa Sayansi alitueleza kwamba magadi hulainisha nafaka haraka, lakini huharibu baadhi ya vitamini zilizomo. Mimi sikuhitaji kuelezwa sana. Nilihamia hapa kutoka shule moja upande wa Maua, ambako githeri ilikuwa laini kama uji na kila alasiri nilisoma nikiwa nimeshika kifua. Hapa nilikula wiki ya kwanza nikisubiri kifua kiwake. Hakikuwaka.

Githeri si kazi yake pekee. Ni yeye aliyeanzisha shamba la mboga nyuma ya jiko, penye kunde, terere na sukuma wiki. Ni yeye aliyeleta uji wa wimbi kwa madarasa ya chini, na ndengu za kila Jumatano. Ana sheria moja ambayo haijavunjwa: hakuna sahani inayotoka dirishani bila mboga. Mwalimu Marete, ambaye hapendi terere, aliwahi kuomba sahani kavu. Mzee alimwekea mboga mara mbili, akamwambia mbele ya darasa la nne zima, "Mwalimu, ukikataa wewe, hawa nitawaambia nini?" Mwalimu Marete alikula yote akiwa amesimama.

Nikifika hapa mkono wangu unataka kukimbia, kwa sababu muhula huu tulikaribia kuyapoteza haya yote. Mwezi wa Mei baadhi ya wazazi walisema kwamba Mzee akiondoka, magadi yarudi. Kuni ni ghali, walisema, na hakuna mtu mwingine atakayeweza kuivisha chakula cha shule nzima kabla ya kengele. Bi. Cicily aliwaomba wafanye jaribio kwanza. Msaidizi wa Mzee, Bi. Jedidah Igoki, apike siku moja peke yake. Githeri ikiwa tayari kengele ikilia, mambo yaendelee naye achukue nafasi ya Mzee. Kama haiko tayari, magadi yaanze muhula wa tatu. Tena Mzee asiguse kitu.

Jaribio lilikuwa Jumanne. Darasa letu linatazamana na jiko, na Mwalimu Mukiri alipoona hakuna anayetazama ubao, alifungua madirisha na kutuambia tuandike insha ya tunachokiona. Manyunyu yalikuwa yakishuka tangu alfajiri. Kuni zilikuwa na unyevu na moshi ulitanda hadi uwanjani. Mzee alikuwa amewekewa benchi chini ya paa, amekalia viganja vyake ili visimponyoke.

"Jedidah, moto wa kushoto unalala," alisema.

Bundi, bawabu wetu, alimgeukia. "Mzee, umeambiwa usiguse."

"Nimegusa nini?"

"Umegusa kwa mdomo."

"Mwache aongee na mvua," Bi. Jedidah alijibu kutoka ndani ya moshi.

Lakini Mzee alikuwa amesema kweli. Moto ulikuwa unalala, na muda ulikuwa unakwenda. Bwana Nyamu wa kamati alikuja mlangoni na kifuko kidogo mkononi.

"Mama Kinoti, kijiko kimoja tu," alimsihi Bi. Jedidah kwa jina la mwanawe mkubwa. "Hakuna atakayejua, na wewe utapata kazi yako."

"Tumbo la mtoto wako litajua, Baba Mutugi. Hebu nipishe mlangoni, unanizibia hewa."

Alitoka mbio kwenda stoo, akarudi akiburuta gunia. Lilikuwa limejaa magunzi makavu ya mahindi, ambayo alikuwa akiyaweka kidogo kidogo tangu mavuno bila kumwambia mtu. Mzee alipoyaona alisimama wima. Kwa miaka yote amekuwa hataki kusikia habari za magunzi jikoni, anasema huo ni moto wa kuchomea viazi. Alifungua mdomo. Bundi akamtazama. Mzee akafunga mdomo, akaketi.

Bi. Jedidah aliyasukuma magunzi chini ya kuni zile zenye unyevu. Moto ukashika, ukanguruma, moshi ukapungua, na mawe juu ya vifuniko yakaanza kutikisika. Hatukuwa tunaandika tena. Thuranira mdogo, mjukuu wa yule mwalimu mkuu wa zamani, alikuwa amepanda juu ya dawati na hakuna aliyemshusha.

Kengele ililia. Bi. Cicily aliingia jikoni, akachota kijiko kimoja, akasubiri kipoe. Alibonyeza harage kwa vidole viwili, likavunjika. Akachukua punje ya hindi. Shule nzima ilisogea dirishani, hata darasa la kwanza. Akaibonyeza nayo ikapondeka. Alimgeukia Bwana Nyamu na kumwambia, "Baba Mutugi, hayo yako yarudishe dukani."

Kelele zilizofuata zilisikika hadi sokoni. Kamati ilikubaliana palepale, chini ya paa la jiko, kwamba githeri yetu itabaki ilivyo na Bi. Jedidah Igoki ndiye mpishi mkuu kuanzia muhula wa tatu. Muhula huu wote nimesoma nikiwa sina hakika kama wadogo wangu watakula nilivyokula mimi. Sasa ninayo hakika, na ninaweza kufikiria mtihani wangu.

Mzee Gitari aliinuka kwenye benchi, akachukua sahani, akapanga foleni nyuma ya darasa la kwanza. Walimu walimwita mbele, akakataa. Alipofika dirishani Bi. Jedidah alimpakulia, kisha akamwekea mboga mara mbili bila kumuuliza. Alikula mpaka sahani ikawa tupu. Tulikuwa tumemzunguka tukingoja hukumu yake.

"Magunzi," alisema hatimaye, akitikisa kichwa. "Miaka yote hii nimelia na moshi bure." Akamrudishia Bi. Jedidah sahani, akamwomba amwongeze.

Mzee wetu, asante kwa kila sahani. Asante kwa niaba ya mama na baba zetu waliokula kwako kabla yetu, na wadogo zetu watakaokula baada yako. Nenda Kiambere ukaote jua, upumzike, na Mungu akupe afya na miaka mingi. Ukituona tumekuja kukusalimu likizo ya Desemba, usiinuke kupika. Tutapika sisi.

Gacheri, Darasa la Nane, kwa niaba ya wanafunzi wote wa Karurune