Safu ya Ishirini na Mbili, Kiti cha Saba

Padre, ndugu wa ukoo wa Pruchnik, majirani wa Mtaa wa Cobb, wazee wa gatini, na ninyi wa safu ya ishirini na mbili mliokuja na jezi ndani ya makoti, mimi ni Renata, binti wa marehemu, familia imenipa kazi ya kusoma historia yake, nimeombwa niisome kwa utulivu, na utulivu wenyewe nimeutafuta tangu Jumanne sijaupata, kwa hiyo mtanivumilia.

Marehemu baba yetu, Ladislaus Stefan Pruchnik, ambaye wengi mlimwita Mzee Lad, alizaliwa tarehe 3 Machi 1949 hapa hapa Marlow, Ohio, akiwa mtoto wa nne kati ya sita wa mzee Stefan na mama Bronislava. Alianza shule ya parokia hii mwaka 1955, akamaliza sekondari Juni 1967, na wiki iliyofuata akaingia gatini, hapa bandari ya ziwani, akaanza kwa kufagia vumbi la madini ya chuma, akapanda mpaka akawa mwendesha kreni, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu tarehe 30 Aprili 2009, na katika miaka hiyo yote hakumwangushia mtu kitu.

Tarehe 14 Oktoba 1972 alifunga ndoa na mama yetu, Dolores Hanzel, mbele ya altare hii, Jumamosi iliyochaguliwa kwa sababu timu yetu ya mpira wa Kimarekani, Makuli, ilikuwa inacheza ugenini, na mama alilijua hilo, akaolewa hivyo hivyo. Walijaliwa watoto wawili, mimi mwaka 1975, na Emil mwaka 1978, ambaye anaishi Arizona kwenye joto, na ambaye mechi ya mwisho aliitazama yote kwenye televisheni akiwa na kaptura, sijamsamehe, yuko hapo mbele na anajua.

Mwaka 1984 marehemu alipata viti viwili vya msimu mzima uwanjani kwa Makuli, safu ya ishirini na mbili, cha saba chake na cha nane cha mama, na mama alipofariki mwaka 2011 cha nane nikakirithi mimi. Kwa misimu arobaini na mmoja baba hakuwahi kuinuka kabla saa ya uwanjani haijasoma sifuri, hata ile Desemba ya 1989 theluji ilipotufunika magotini na uwanja mzima ukabaki na watu wasiofika mia mbili. Alikuwa akisema, "Humwachi mgonjwa eti kwa sababu amezidiwa." Wanaotoka mapema walikuwa na mtu wao, ndugu yetu Lonzo Tibbs, mstaafu wa posta, anayekaa nyuma yetu, ambaye hajawahi kumwacha mtu apite bila kumpa lake, "Kimbia, mjomba, supu inapoa!" au "Tuachie basi hilo koti, sisi bado tupo!", na baba alikuwa akicheka mpaka anakohoa.

Kukohoa kwenyewe tulikuja kukujua Februari 2024, mapafu yalikuwa yamekwisha kwa vumbi la gatini, na Daktari Venkatesan akatuambia kwa upole kwamba huenda mgonjwa asifike kiangazi cha mwaka unaofuata. Baba akamuuliza, "Hiyo ni mechi ngapi, daktari?" Daktari hajui mpira, ikabidi amwite nesi, wakahesabu wote wawili kwenye kalenda ya ukutani, wakamwambia msimu mzima atauona Mungu akipenda. Baba akasema basi inatosha, yeye haombi ubingwa, anaomba ashuhudie ushindi mmoja, kwa macho yake, akiwa kwenye kiti chake. Mmoja tu!

Sasa naomba Padre anisamehe kwa haya yanayofuata. Msimu ulianza tarehe 8 Septemba 2024, na Makuli walifungwa siku hiyo, wakafungwa Jumapili iliyofuata, wakafungwa na timu zilizokuja na wagonjwa wao, wakafungwa mechi kumi na sita mfululizo, nane kati ya hizo mbele ya baba yangu akiwa na mpira wa oksijeni puani na chupa yake katikati ya miguu. Mwezi wa Oktoba mwenye timu akamuuza mrushaji wetu, kijana pekee aliyejua kuurusha mpira ukafika, Novemba akamfukuza kocha, kisha akasimama mbele ya kamera akiwa na skafu mpya shingoni, akatuambia tunajenga upya, tuwe na subira. Subira! Ni kweli subira huvuta heri, lakini waliosema hivyo hawakuwa na mwenye timu kama huyu. Anajenga upya mwaka wa kumi na moja, kanisa hili mlilokaa lilijengwa kwa miaka mitatu na watu waliokuwa wanatoka zamu gatini, na halivuji. Leo asubuhi ofisi yake imetuletea shada kubwa la maua ya rangi ya machungwa, rangi ya timu, lenye utepe ulioandikwa Shabiki Wetu wa Kweli, mimi nimelibeba kwa mikono yangu nikalitoa nje, liko kwenye theluji karibu na mapipa, anayelitaka akalichukue.

Mechi ya mwisho ilikuwa hapa nyumbani, Jumapili tarehe 5 Januari 2025. Zilipobaki dakika tisa tulikuwa tumefungwa ishirini kwa tatu, upepo wa ziwani unakata, na midomo ya baba ilikuwa imegeuka bluu, nikamwambia, "Baba, twende." Akaniambia saa haijasoma sifuri. Nikamwambia tena, akaendelea kutazama saa, ndipo nikamwambia kwa sauti ambayo safu nzima iliisikia, "Baba, hawa watu hawajui hata kama ulizaliwa, unakufa hapa kwa ajili ya nani?" Sikutegemea ainuke. Aliinuka. Akabeba chupa yake mwenyewe, akapita mbele ya magoti ya watu waliomfahamu miaka arobaini, na Lonzo Tibbs hakumpa lake, aliweka tu mkono kwenye mgongo wa baba, akasema, "Haya, Mzee Lad." Ndugu zangu, afadhali angezomea.

Tulikwama na gari kwenye kivuko cha reli cha Barabara ya Kumi na Moja, treni ya mizigo inapita, haina mwisho, na hapo ndipo tulipoyasikia yote kwenye redio, ikawa ishirini kwa kumi, ikawa ishirini kwa kumi na saba, mpaka zikiwa zimebaki sekunde nne Makuli wakauvusha mpira mstari, ishirini na nne kwa ishirini, mtangazaji sauti ikamkauka, na kutoka uwanjani kelele ilitufikia tukiwa na vioo vimefungwa. Baba aliangalia mabehewa yanavyopita. Kisha akasema, "Kumbe mkosi ni mimi."

Na mimi niliyekuwa na maneno mengi uwanjani, sikumjibu, nilikuwa nimeikasirikia treni, nimewakasirikia Makuli, nimejikasirikia mwenyewe, nikamwambia afunge zipu ya koti. Jumatatu alfajiri alizidiwa, tukamkimbiza hospitali, na Jumanne tarehe 7 Januari, saa nne na dakika ishirini asubuhi, alifariki dunia, akiwa na miaka sabini na mitano, bila kuamka tena nikamjibu.

Namjibu sasa, mbele yenu. Baba, mkosi haukuwa wewe. Mkosi haumuuzi mrushaji mwezi wa Oktoba, mkosi hauvai skafu mpya, wenye mkosi wana majina na wana ofisi. Wewe ulikaa. Aliyekutoa ni mimi, nilikutoa zikiwa zimebaki dakika tisa, nikakunyima kitu pekee ulichokiomba, na hilo nitakuwa nalo.

Familia inamshukuru Daktari Venkatesan na manesi waliohesabu mechi badala ya miezi, majirani wa Mtaa wa Cobb walioondoa theluji mlangoni kwetu kila Jumapili ili chupa ya oksijeni ipite, wazee wa gatini waliobeba jeneza, na safu ya ishirini na mbili, ambao jana mmeniletea nyumbani kiti cha saba chenyewe, sijauliza mmekifungua vipi, na msiniambie. Mwenye timu hatumshukuru.

Nina ombi moja. Desturi yetu huku ni kusali kaburini dakika tano, kisha tunawasha magari tunakwenda kula pirogi, vile vitumbua vyetu vya viazi vya kuchemsha, ukumbini, tunawaachia vibarua washushe jeneza na kufukia tukiwa tumeshageuza mgongo. Leo hapana. Leo tutasimama kwenye baridi mpaka koleo la mwisho, mwenye kiti akae, mwenye blanketi ajifunike, na atakayewasha gari mapema, ndugu Lonzo, huyo ni wako.

Lala, Baba. Safari hii sitoki.