Bwana Kuzumi na Chumba cha Alhamisi

Tarehe 31 Machi, baada ya miaka thelathini na minane, Bwana Yasuharu Kuzumi atakabidhi funguo za stoo ya Idara ya Maji ya mji wetu wa Hirasaka na kustaafu. Wengi mnamjua kama yule mtu anayetembea asubuhi na fimbo ndefu ya chuma, sikio moja juu yake, akisikiliza bomba linavuja wapi chini ya lami. Mimi, Nagoshi, nimekuwa dereva wake miaka ishirini na mmoja. Mashine mpya ya kusikiliza mabomba ilipoletwa, ilionyesha maji yanavuja chini ya duka la tofu. Bwana Kuzumi akasikiliza, akasema, "Hilo ni friji la mwenye duka." Tulichimba hata hivyo. Lilikuwa friji.

Ameniomba nisiiruke habari ya pombe. "Ukiiacha," aliniambia, "utakuwa umeandika habari za mtu mwingine."

Basi, miaka kumi na tisa iliyopita, asubuhi moja ya Februari, baridi ilipasua mabomba mtaa mzima. Zamu ilikuwa yake, na simu yake iliita bila kupokelewa. Makao ya wazee yalikaa bila maji hadi jioni. Nilipomfuata nyumbani, nilimkuta amelala sebuleni na koti la kazi, chupa ya sake ubavuni. Mkewe, Bi Michiyo, ndiye aliyenifungulia. Alikuwa amevaa koti lake la kahawia, begi liko miguuni.

"Mwache alale, Bwana Nagoshi," alisema. "Mimi nimeshamwamsha vya kutosha."

Siku hiyo alihamia kwa mama yake, mji wa Kamiyasu.

Mkuu wetu wa wakati huo, marehemu Orihara, hakumfukuza Bwana Kuzumi. Alimwita na kumwambia, "Tafuta watu wa kukusaidia kuacha, au niletee barua ya kuacha kazi. Chagua wewe."

Bwana Kuzumi alikwenda kituo cha afya. Muuguzi alimpa orodha ya vikundi vya walioacha pombe, na Hirasaka haikuwa na hata kimoja. Cha karibu kilikuwa Kamiyasu kwenyewe, dakika hamsini kwa treni, kila Alhamisi saa moja jioni, ghorofa ya pili ya ukumbi wa jamii. Alhamisi ya kwanza aliishia mlangoni, akarudi. Ya pili alipanda ngazi, akafungua chumba kisicho chake, akajikuta katika darasa la kuandika kwa brashi. Aliona aibu kutoka, akaketi, akapewa wino, akaandika nusu saa nzima. Mwishowe bibi mmoja akamnong'oneza, "Baba, wale wa kuacha pombe wako chumba cha pili. Nenda tu. Chai yao ni nzuri kuliko yetu."

Akaenda. Katika chumba hicho wengi huja wawili wawili, mume na mke, na kila mmoja husimulia kwa zamu yaliyompata. Wengine husikiliza tu, hakuna anayejibu. Zamu yake ilipofika alisema, "Naitwa Kuzumi. Nimekuja peke yangu." Kisha akaketi.

Tangu siku hiyo hajakosa, isipokuwa theluji ikiziba reli. Kila mwezi alimtumia Bi Michiyo kadi ya posta yenye siku, saa na namba ya chumba, bila neno zaidi. Nilimwuliza kwa nini asimwombe radhi.

"Radhi nilimwomba mara mia nikiwa nimelewa," alisema. "Sasa namwambia tu niliko."

Hamu ya pombe, aliniambia, ilipungua mwaka wa tatu. Ile nyingine haikupungua. Kila akishuka Kamiyasu aliangalia kila koti la kahawia lililopita.

Mwaka wa tisa, mwezi Novemba, mkutano ukiwa umeshaanza, Bi Michiyo aliingia na kadi mkononi, akaketi upande wa pili wa chumba. Zamu yake ilipofika alisema, "Mimi ni Michiyo, mke wa Kuzumi. Sijamsamehe. Kadi zimejaa droo, nikaona afadhali nije nisikilize."

Kesho yake tulizunguka mitaa mitatu, na Bwana Kuzumi hakupata hata tone. "Leo sisikii kitu, Nagoshi," alisema. "Twende tukanywe kahawa."

Miaka kumi imepita. Viti vyao vimesogeleana. Mkutano ukiisha hutembea pamoja mpaka kona ya duka la dawa, kisha Bi Michiyo hukata kwenda kwa mama yake, na Bwana Kuzumi huendelea hadi kituoni. Wafanyakazi watatu wa idara hii walipanda treni ile pamoja naye ili nao waache pombe. Mmoja ni mimi, na leo ndiyo mara ya kwanza naliandika jambo hili. Mwaka juzi alifungua kikundi hapa Hirasaka, siku za Jumatatu, juu ya ofisi ya ushirika wa wavuvi. Watu kumi na wanne wanahudhuria. Hata hivyo Alhamisi bado anapanda treni.

Alimwalika Bi Michiyo kwenye hafla yetu ya kumuaga. Jibu lake Bwana Kuzumi alituletea mwenyewe ofisini: "Siku hiyo nampeleka mama hospitali. Alhamisi nitakuwepo." Alilisema akitabasamu, kisha akachukua fimbo yake, akatoka kwenda kusikiliza mabomba.

Kama Bi Michiyo atarudi nyumbani, hatujui. Bwana Kuzumi pia hajui, na ameacha kuuliza. Ahsante, Bwana Kuzumi, kwa maji ya mji huu na kwa sisi watatu. Tunakutakia afya njema, siku nyingi, na mtu wa kutembea naye mbele zaidi ya kona ile.