Mwanga Uliofika Kitandani kwa Mama: Maisha ya Marehemu Herlinda Zermeño Arreguín, 1960–2019

Jumatano tarehe 14 Agosti 2019, karibu saa tano asubuhi, mwanga wa jua uliangukia blanketi la mama yetu, Doña Eufrasia, katika chumba chake cha ndani hapa mtaa wa Barrio Arriba, mjini León. Ulikuwa na rangi ya ndimu. Mama akaupapasa, akasema, "Mpigieni Herlinda. Mwambieni umefika." Tulipopiga simu hospitali alikolazwa, aliyepokea alikuwa muuguzi. Herlinda alikuwa ameshakata roho.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1960 San Francisco del Rincón, mtoto wa kwanza wa hayati Don Crescencio, fundi viatu, na Doña Eufrasia. Alisoma kwa masista, kisha sekondari hapa León, na mwaka 1983 akahitimu fizikia katika chuo kikuu cha Guanajuato. Don Crescencio aliwaambia majirani kwamba binti yake amesomea taa.

Tangu hapo alifanya kazi katika maabara ya mwanga. Alipaka kioo utando mwembamba wa jelatini, akachora ndani yake kwa miale ya leza mistari isiyoonekana kwa macho. Kioo hicho huukusanya mwanga au kuupeleka upande mwingine, kama alivyopanga. Wakati wa kuchora, mtikisiko mdogo tu uliharibu kila kitu. Ndivyo alivyokutana na Evaristo Gaona, mwuza maji, aliyeegesha lori nje ya ukuta wa maabara bila kuzima injini.

"Wewe bwana, zima hilo dude! Umeniharibia kioo!"

"Mimi nimeleta maji tu, injinia."

"Basi kaa nayo hapo nje, na usitikisike."

Evaristo alikaa. Walifunga ndoa tarehe 23 Aprili 1988, na Mungu akawajalia mtoto mmoja, Nazario.

Tangu jirani aongeze ghorofa, chumba cha mama hakikupata jua, naye mama hawezi kutoka kitandani. "Unawageuzia watu mwanga, mama yako nasali gizani," mama alimtania. Mwezi Mei mwaka huu Herlinda aliweka kioo kwenye tundu la hewa la darini, kigeuze jua lililokuwa likipiga ukutani lifike kitandani. Kwa haraka, hakuziba kingo vizuri. Mvua za Juni zilipoanza, jelatini ikanyonya unyevu, mistari ikafutika, kikabaki kioo kitupu.

"Haya, sasa nina dirisha la kutazamia mvua," mama akasema. Herlinda alicheka, kisha akaenda kulia jikoni.

Mwezi huohuo aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Kioo cha pili alikichora akiwa amekaa kitini, nguvu zikimwishia. Mwenzake wa kazi, Ubaldo, alikiziba na kukifunga darini Jumanne, Herlinda akiwa hospitalini. Herlinda alimuuliza kila aliyeingia kumwona, "Umefika?" Siku hiyo kulikuwa na mawingu. Tulimjibu, bado.

Ameacha mume wake Evaristo, mwanawe Nazario, mama yetu, na sisi wadogo zake, Otilia na Plácido.

Jana, kabla jeneza halijafungwa, mama aliomba aletewe Herlinda. Tukamweka kando ya kitanda, pale mwanga ulipoangukia. Padre alikuwa akingoja mlangoni. Mama akasema, "Subirini kidogo. Hakuuona." Tulisimama, hakuna aliyetikisika. Mawingu ya siku hiyo hayakufunguka. Ilipofika adhuhuri mama alimchora msalaba kwenye paji la uso, akasema, "Mchukueni." Evaristo akafunga kifuniko, tukamtoa.

Ee Bwana, mlaze Herlinda palipo na mwanga wako.