Gaju Alale Wapi Leo? Risala ya Wafuga Farasi wa Mlimani na Ziwani kwa Daktari Eugène

Mgeni rasmi, Daktari Eugène, mtafiti wa magonjwa ya mifugo. Wakubwa wa Fizi mlioketi mbele. Majirani wote wa Swima:

Kukukaribisha

Karibu tena. Mara ya kwanza ulikuja na sindano, tukakuficha farasi. Leo tumekuwekea kiti. Usishangae kuona nyuma ya kiti hicho amefungwa farasi jike mwekundu. Anaitwa Gaju, ni wa Mama Nyirabahire wa mlimani, na risala hii yote ni habari yake.

Tulikotoka

Chama chetu kina watu wa mlimani, wafuga ng'ombe, na watu wa ziwani, wavuvi na wakulima. Hatukuunganishwa na hotuba, tuliunganishwa na farasi. Walishusha maharagwe na jibini, wakapandisha ndagala, dagaa wa ziwa letu, na chumvi, na migongo yetu ikapumzika.

Mvua za mwaka juzi, farasi wa Baba Alphonse, hapa Swima, alivimba juu ya macho, akatoa povu puani, kesho yake akafa. Nyirabahire aliposikia hakungoja kuitwa. Kwao, aliyefiwa na mnyama hupelekewa mnyama. Wenyewe wanaita gushumbusha. Akamshusha farasi wake, mzima kabisa, akamkabidhi Alphonse kamba mbele ya watu. Farasi akalala katika zizi lilelile, kando ya kinamasi. Akafa. Ntwari, mdogo wake Nyirabahire, naye akaleta wake kwa moyo uleule. Huyo pia akafa. Tuseme ukweli: huruma yetu ndiyo iliyokuwa inaulisha ugonjwa, na hakuna aliyejua.

Midomo ikaanza kazi. Mlimani wakasema watu wa ziwani wanaroga. Ziwani wakasema watu wa mlimani wanaleta wagonjwa waje kufia kwetu. Soko likakosa maharagwe. Nyirabahire akapita hapa bila kusalimiwa, yeye aliyetoa farasi wake! Hilo lilimuuma kuliko kifo cha mnyama, na bado linamuuma.

Tulichopata kwako

Tulipokubali kuwatoa, ulichukua damu ya farasi wa juu na wa chini, kisha ukatutumia jibu. Hakuna aliyeroga na hakuna aliyeleta mgonjwa: ni virusi. Wanyama wanashuka wazima, wanavipatia huku chini, na unashuku vijidudu vya kinamasini vinavyouma jioni, hasa wakati wa mvua. Ukaongeza kwamba utafiti ndio kwanza unaanza, tusikunukuu vibaya. Tumekunukuu vibaya kila mahali, lakini salamu zimerudi. Siku jibu lilipofika Alphonse alilia hadharani, na hatumcheki.

Ugumu wetu

Kabla ya jibu lako, katika uchungu wake, Nyirabahire aliapa sokoni, kuonyesha kwamba haleti wagonjwa, kuwa Gaju, wa mwisho aliyebaki kwake, atakuwa wa Alphonse. Leo asubuhi amemshusha kutimiza neno lake, na mvua zimeshaanza. Alphonse akatoka kumpokea, akasimama bila kushika kamba.

"Mama, mi sikatae zawadi yako," akasema. "Mi naogopa kuzika farasi wa ine."

"Na mi nikimurudisha ku mulima, batu ba huku batasema nini?"

"Batasema umetunyima."

"Basi unaona."

Alphonse akamkuna Gaju shingoni, akafikiri. "Aitwe wangu, alale kwako. Kiangazi ashuke anibebee mizigo. Mvula ikikuya, apande."

Nyirabahire akacheka, jambo ambalo hatukuwa tumelisikia tangu farasi wa kwanza alipokufa. Lakini wawili kukubaliana ni kitu kimoja, na watu kuamini ni kitu kingine. Kuna wanaonong'ona hata sasa, humu humu, na tunawasikia.

Tunachoomba

Katibu wetu Tania, huyu anayekusomea, alikuwa ameandika maombi marefu: chanjo, friji ya kutumia jua, dawa za minyoo, hata mpira wa vijana. Nyirabahire akasema, "Mutoe ile yote. Mumuulize daktari kitu kimoja tu: Gaju alale wapi leo." Tumeyatoa, ingawa ile friji inatuuma kidogo.

Kwa hiyo tunakuomba usimame useme, kwa sauti ya kufika ufukweni, kama Gaju apande au abaki. Kama utafiti wako haujafika huko, sema hujui, tutakuamini zaidi. Ila usituambie utatuandikia. Jua linashuka, na kinamasi hakiko mbali na hapa ulipokaa. Akiondoka sasa atafika kijiji cha kwanza cha mlimani kabla vijidudu havijaamka.

Mungu aliyekufikisha salama akurudishe salama, awape nguvu wote mnaokesha na damu ya wanyama wetu, na awalinde farasi waliobaki, wachache kama walivyo.

Tumemaliza kusoma. Nyirabahire amemfungua Gaju, ameshika kamba, na safari hii Alphonse ameishika pamoja naye. Wanakutazama wewe.

Ni sisi,
Wafuga Farasi wa Mlimani na Ziwani,
Swima, Fizi.