Mwalo Ulioitwa Shuka

Kahawa ya Majengo, hapa mjini, hainyweki kimya, ila jioni ile kijiwe kilikuwa na jambo zito. Mwalo wa Shuka, bandari ndogo ya wavuvi kule Ziwa Tanganyika, umemezwa na maji. Ziwa limepanda, watu wamehamia mlimani, na Nestory, mzaliwa wa huko, amepangiwa kesho awasimulie watoto wa waliohama historia yao. Tangu asubuhi hana raha. Mwalo wenyewe haupo tena. Akikosea, watoto watabaki na makosa yake. Akawaomba wenzake msaada, na bora asingeomba.

— Mbona rahisi, akasema Amin, ambaye kijiwe kinamwita Jora kwa kuwa ukoo wao umeuza vitambaa tangu enzi na enzi. — Babu yangu ndiye alifikisha shuka pale, watu wakaja kununua toka kila upande. Jina likatoka hapo.

— Na babu yako alifikaje? Si kwa meli? akamkata Adolfu, anayeitwa Nahodha ingawa hajawahi kupanda hata mtumbwi. — Meli ikisimama, baharia anapiga kelele: shuka, shuka. Bila meli hakuna Shuka, mshikaji.

Jora akadai meli yenyewe ilikuwa ikifuata shuka za babu. Nahodha naye hakukubali kushindwa: akasema nahodha wa kwanza wa meli ile alibanwa na tumbo, akashuka mbio vichakani, na tangu siku hiyo meli ikazoea kusimama. Watu wakacheka mpaka kahawa ikawapalia. Nestory alicheka nao, lakini moyoni ilimuuma. Katika stori zote hizo bibi na babu zake hawamo. Utadhani walikuwa wamekaa tu wakisubiri wageni.

Kabula, mama wa Kisukuma aliyehamia huku juzijuzi na ng'ombe wake, alikuwa pembeni na dumu lake la maziwa, akingoja usafiri wa kwenda kijijini Mpui.

— Shikamooni. Samahani, mimi mgeni. Kabla ya hiyo meli na hizo shuka, wavuvi wenyewe walikuwa wanapaitaje?

Jora akamgeukia Nestory, na Nahodha vilevile.

— Mama ndiye angejua, akasema Nestory taratibu. — Tumemzika masika haya. Maji yalipochukua nyumba yake nilimleta hapa mjini, akakaa kwangu mpaka mwisho. Kila siku tulimuuliza kama amekula; jina la zamani la kwetu hatukumuuliza hata siku moja.